Mama Mkwe na Samaki Tisa wa Lumbwe

Watu husema mama mkwe wangu ni mkaidi. Wanampunja. Mkaidi ni mbuzi anayegoma kuvuka daraja, na ukimtikisia majani kidogo anavuka. Kashindi hatikisiwi majani. Nimeishi naye ua kwa ua miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo nimemkosea kosa moja kubwa. Nitalisimulia mwenyewe kabla wengine hawajalisimulia vibaya, maana hapa kwetu ziwani habari ikipita vijiji vitatu inarudi na pembe.

Kazi yake tangu usichana ilikuwa kunasua nyavu. Wavuvi wa dagaa na migebuka wakikokota karibu mno na rasi ya Lumbwe, wavu unang'ang'ania mawe chini, na hapo ndipo wanapomkumbuka. Anafunga kanga, anavuta pumzi, anazama. Hana mtungi wala mpira wa hewa, ana miwani moja tu ya kuzamia ambayo mpira wake ameushona mara nne kwa uzi wa kushonea magunia. Mama yake alivuka na mtumbwi kutoka Kongo akiwa mja mzito, akamzaa hapa, akamfundisha kazi hiyo hapa. Mpaka leo Kashindi anayajua mawe ya Lumbwe kama mtu anavyovijua vyungu vya jikoni kwake.

Katika mawe yale wanaishi samaki wadogo, wa urefu wa kiganja, weusi tii, wenye tumbo jekundu. Wanakwangua mwani unaoota juu ya mawe na hawana shida na mtu. Ukienda kusini unakuta ghuba ya mchanga, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Ng'ambo ya mchanga huo kuna rasi nyingine, Kasisi, na samaki wake ni wale wale kwa umbo na kwa ulaji, ila wao wamevaa mkanda mpana wa njano kiunoni na tumbo halina wekundu hata chembe. Samaki wa mawe hawavuki mchanga. Mchangani hakuna mwani wala pango la kujificha, na kila mwenye meno anakuona. Kwa hiyo wa Lumbwe wanabaki Lumbwe na wa Kasisi wanabaki Kasisi, tangu enzi ambazo hakuna aliyezihesabu. Mtafiti mmoja aliwahi kuja na rula na makaratasi kumweleza Kashindi jambo hilo. Kashindi alimshikia taa siku mbili, kisha akamwambia amechelewa, hilo walilijua.

Sasa kosa langu. Nilikuwa mpiga mbizi wa Faraji, mfanyabiashara wa samaki wa mapambo, wale wanaosafirishwa ng'ambo kwenda kuogelea ndani ya vioo sebuleni kwa watu. Faraji aliagiza wa njano wa Kasisi. Nikashuka pima saba, nikakamata kumi na wanne. Samaki wa chini hapandishwi ghafla. Tumbo linavimba, macho yanatoka, anakufa. Unamtia kwenye pipa la plastiki lenye matundu, unalining'iniza majini kwa kamba, unalivuta juu pima moja asubuhi na pima moja jioni. Kasisi kuna mawimbi, kwa hiyo pipa nikalivuta kwa mtumbwi, likiwa bado chini ya maji, mpaka Lumbwe kwenye utulivu, karibu na nyumbani kwangu.

Siku ya tatu Faraji akapiga simu. "Mzigo umefutwa, Kabwe. Ndege hakuna. Waachie hao."

Kuwarudisha Kasisi, pipa likivutwa chini ya maji, ilikuwa kupiga kasia asubuhi nzima. Nilikuwa nimechoka, na njaa inaniuma. Nikajiambia maji ni yale yale, mawe ni mawe. Nikafungua kifuniko pale pale. Wakatoka mmoja mmoja, mikanda yao inang'aa, wakaingia katika mapango ya Lumbwe, nami nikajiona mtu mwema kwelikweli kwa kuwaachia hai.

Siku ya nne Kashindi akaitwa kunasua wavu.

Lazima mjue kwamba kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawaitani majina, hawali pamoja. Ukimwona anakuja njiani unapisha vichakani. Maneno yenu yanapita kwa mtu wa tatu, na kwangu mtu huyo ni mke wangu, Vumilia. Basi mchana ule nikiwa ndani nimeinamia ugali wa muhogo, nikasikia sauti nyuma ya ukuta.

"Vumilia!"

"Abee, mama."

"Mumeo yupo?"

"Yupo ndani, anakula."

"Mwambie aache kula."

Vumilia akanigeukia. "Mama anaomba radhi kukukatiza..."

"Nani kaomba radhi?" ukuta ukanguruma. "Mimi? Sema nilivyosema! Muulize samaki wa Kasisi wamefikaje Lumbwe. Walipanda bodaboda?"

Nikaweka tonge chini. "Mwambie mama ni wachache tu," nikasema.

"Wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Majike wangapi?"

Sikujua. Sikuwa nimeangalia. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini.

"Mwambie mumeo hawa walikuwa ndugu. Zamani sana walikuwa samaki mmoja. Ziwa likapanda, likashuka, mchanga ukaingia kati, wakapoteana. Wa kule wakawa wa njano, wa huku wakawa wekundu, na hakuna aliyewapaka rangi. Ni kukaa kwao mbalimbali, kizazi juu ya kizazi. Wakizaliana hapa, wekundu wangu basi. Hawapo kwingine. Hawapo Kasisi, hawapo Kongo, wako kwenye hili jiwe tu. Na yeye ameyavunja yote hayo kwa kufungua kifuniko."

Vumilia alinitazama. Hakurudia neno hata moja.

"Mwambie kesho asubuhi aje na wavu. Tutawatoa wote."

"Wote, mama?"

"Kwani kumi na wanne ni jeshi?"

Nilikuwa na aibu, lakini nilikuwa na hasira pia. Mwanamke wa miaka hamsini na nane anataka kunizamisha mimi, baba wa watoto watatu, kutafuta samaki wa kiganja katika rasi nzima! Lakini nilikwenda. Adabu ikatupangia kazi. Yeye alizama upande wa kaskazini wa jiwe kuu, mimi upande wa kusini, maana mkwe hawezi kumwona mama mkwe na kanga iliyolowa. Vumilia alikaa katikati ndani ya mtumbwi, akipokea samaki huku na huku na kupeleka matusi.

"Mama anauliza umelala huko chini?"

"Mwambie nimemwona mmoja, kaingia pangoni."

"Anasema pango lina mlango wa pili, weka mkono huko. Anasema hata mtoto angejua."

Samaki wa Kasisi tuliwatia kwenye ndoo na mimi niliwarudisha kwao kwa kasia. Ile safari niliyoikwepa siku moja niliifanya mara tisa. Wiki ya kwanza tukapata sita. Mwezi wa pili tukafika kumi na mmoja. Kijiji kizima kilikuwa kinakuja ufukweni kucheka. Wakambandika jina, Bi Uhamiaji.

"Bi Uhamiaji, leo umekamata wangapi wasio na pasipoti?" akauliza Ntungwa, muuza mafuta ya mawese, mwanaume mwenye mdomo usiopumzika. "Na mama yako aliyetoka Kongo naye tumrudishe?"

Watu wakacheka sana. Kashindi alikuwa amekaa jiweni anakamua nywele. Akasimama.

"Mama yangu alipiga kasia usiku na mchana kwa mikono yake, kwa sababu alitaka kuja. Akafika, akasalimia, akaomba mahali. Hawa wameomba nini? Walitiwa kwenye pipa, wakamwagwa. Ntungwa, siku mtu akikutia wewe kwenye pipa akakumwaga Burundi, nitakuja kukutoa vilevile. Ingawa wao watanishukuru zaidi yako."

Ntungwa mwenyewe alicheka. Tangu siku hiyo alikuwa akiniletea chupa ya mawese akisema ni ya kupaka kifua kwa ajili ya baridi ya maji, na jina la Uhamiaji likabaki, ila sasa lilitamkwa kwa heshima kidogo.

Kumi na wawili. Kumi na watatu. Wa kumi na nne alitusumbua miezi minne. Alikuwa dume, mkubwa, alijitwalia ufa mrefu chini ya jiwe kuu na hakutoka ila kukwangua mwani mbele ya mlango wake. Faraji alikuwa amekwisha kunifukuza kazi kwa kukosa kwenda safari zake, na nyumbani tulikuwa tunakula muhogo kwa muhogo. Nilimwambia Vumilia amwambie mama yake kwamba dume mmoja peke yake hana madhara.

"Mama anasema hayuko peke yake."

Ni kweli. Pembeni ya ufa alikuwapo jike mweusi wa Lumbwe, tumbo jekundu, na mashavu yake yamefura. Samaki hawa jike hulea mdomoni. Mayai na vitoto vyote anavibeba humo, bila kula, mpaka viweze kuogelea. Tukamtoa dume hatimaye kwa kuziba ufa kwa nyavu mbili, mmoja wake na mmoja wangu, tukivuta kwa wakati mmoja bila kuonana. Jike tulimkamata kesho yake.

Mimi nilishauri tummalize, yeye na alichobeba. Vumilia akapeleka ujumbe. Jibu likarudi hata kabla hajamaliza.

"Anasema huyo ni wa kwetu. Na vitoto havijulikani bado ni vya nani. Samaki hawa wakiwa wadogo wote wanafanana, rangi inakuja baadaye. Anasema hahukumu mtu aliye mdomoni kwa mama yake."

Tukamtia jike kwenye lile lile pipa la Faraji, lenye alama yake ya rangi ya bluu ubavuni, tukalining'iniza chini ya jiwe. Baada ya siku kumi na mbili akatema vitoto tisa. Jike tukamwachia arudi mawe yake. Vitoto vikabaki pipani, na Kashindi akaanza kulea. Kila asubuhi alizama akaokota mawe madogo yaliyoota mwani, akavitilia, akatoa yale yaliyokwanguliwa, akayarudisha pale pale alipoyatoa. Alifanya hivyo mwaka mzima na miezi miwili. Alipougua homa, akalala siku sita, nilizama mimi. Siku ya pili ya homa akamtuma Vumilia aje kuniambia kwamba mawe yangu ni machafu.

Rangi ilikuja polepole. Kwanza weusi, tukafurahi. Kisha wekundu tumboni, tukafurahi zaidi. Nilimsikia akiimba nyuma ya jiwe, na nilikuwa sijawahi kumsikia akiimba. Halafu, mwezi mmoja baadaye, kiunoni mwa wote tisa ukatokea mkanda wa njano.

Walikuwa wazuri. Nasema bila kuficha, sijaona samaki wazuri kama wale ziwani humu, weusi wenye njano na nyekundu pamoja, kama vitenge vya harusi. Vumilia alisema mama yake alikaa jiweni asubuhi nzima na miguu majini, hakuzama. Sote tulijua maana yake. Hawakuwa wa Lumbwe na hawakuwa wa Kasisi, na kuwaachia popote ilikuwa kurudia kosa langu. Lakini alikuwa amewalisha mwaka mzima. Hakuweza kuwaua. Siku zikapita, pipa likabaki linaning'inia.

Mtu mmoja akawapiga picha kwa simu. Picha ikasafiri. Jumanne Faraji akanipigia, sauti yake tamu kama ya siku za kwanza.

"Kabwe, ndugu yangu! Rangi ile haipo popote duniani. Nakuja Alhamisi saa nne kuwachukua. Pipa ni langu, wa njano walikuwa wangu, hata mama mkwe wako hawezi kubisha. Na sikiliza. Nitaleta sitini wa Kasisi nikawamwage hapo Lumbwe. Nataka rasi nzima iwe rangi ile. Wewe utakuwa msimamizi. Mashine ya boti nakupa, mpya."

Nilikata simu, nikakaa nayo mkononi. Sitasema sikuitamani ile mashine. Niliitamani. Niliisikia inavyonguruma. Nilikuwa na watoto watatu na kasia moja, na angeweza kuwachukua wale tisa asubuhi tu, Kashindi akiwa sokoni, nami ningesema sikujua. Nilifikiri hivyo kutoka jikoni mpaka mlangoni. Halafu nikakumbuka jinsi nilivyosema maji ni yale yale.

Nikaenda uani kwake. Vumilia alikuwa mtoni. Nikasimama nyuma ya ukuta wake, mgongo umeelekea ukuta, nikazungumza na mpapai.

"Ewe mpapai," nikasema, "Faraji anakuja Alhamisi saa nne kuchukua wale tisa, anasema ni wake. Na anataka kumwaga sitini."

Mpapai ukajibiwa kutoka ng'ambo ya ukuta. "Mpapai, mwambie nimesikia."

Alhamisi boti ya Faraji ilifika saa nne kasoro. Alishuka na viatu vyake vyeupe, vijana wawili wenye mifuko ya hewa ya kubebea samaki nyuma yake, na nusu ya kijiji ikiwafuata. Mimi nilikuwa nimesimama mbali, chini ya paa la nyumba yangu, kama inavyonipasa. Pipa lilikuwa limeegeshwa ufukweni, tupu, kavu, kifuniko pembeni. Kashindi alikuwa ametandika mkeka mbele ya nyumba yake. Juu ya mkeka palikuwa na ugali wa muhogo unaofuka moshi, bakuli la maji ya kunawa, na sahani ya samaki tisa, wamekaangwa kwa mawese ya Ntungwa, wamepangwa kichwa na mkia.

"Shikamoo, mama," akasema Faraji, macho yakitafuta pipa.

"Marahaba, mwanangu. Karibu chakula."

"Ahsante, nimeshiba. Samaki wako wapi?"

"Si hawa? Hesabu. Umesema ni wako, nami sili peke yangu cha mtu. Nawa mikono."

Faraji alitazama sahani. Nadhani alielewa polepole, maana samaki aliyekaangwa hana mkanda. Kisha uso ukambadilika.

"Bibi, una wazimu? Unajua umekaanga nini?"

"Najua kuliko wewe. Hawa nimewalea kwa mikono hii tangu wakiwa kama punje za mtama. Ungewajua majina ungelia." Na yeye alikuwa analia. Machozi yalikuwa yanamtiririka wazi mbele ya watu wote, na sauti haikutetemeka hata kidogo. "Pipa lako lile pale, nimekuoshea. Chukua."

"Nitaleta sitini. Nitaleta mia! Utafanya nini?"

"Lete. Kumi na wanne nimewatoa. Mia nitawatoa. Pumzi ninayo."

"Wewe mwenyewe? Mwanamke mzee peke yako?"

Hapo Kashindi akageuka. Aligeuka mwili mzima, akatazama moja kwa moja hadi chini ya paa nilipokuwa. Kwa miaka kumi na saba sikuwahi kuyaona macho yake. Ni ya rangi ya kahawia, na jicho la kushoto lina doa dogo.

"Kabwe," akaita. Jina langu, kwa mdomo wake. Nilisikia akina mama wakivuta pumzi. "Kabwe, njoo ule."

Vumilia alinisukuma mgongoni. Nikavuka ua, nikavua ndala, nikakaa mkekani mbele ya mama mkwe wangu, nikanawa mikono katika maji aliyonawa yeye. Alinisogezea sahani. Nikamega ugali, nikachukua samaki wa kwanza, nikamla na mifupa yake. Alikuwa mtamu, na utamu ule ndio ulionichoma. Naye akachukua wa pili.

Faraji alisimama mpaka wa tano, kisha akawaambia vijana wabebe pipa. Tulimsikia akiwasha boti. Hakuna hata mmoja wetu aliyegeuka kutazama.

Alipomaliza wa tisa Kashindi akajifuta mdomo kwa pindo la kanga. "Kesho alfajiri," akaniambia, mimi mwenyewe, bila ukuta, bila mpapai. "Anaweza akaja na mia kweli."

"Nizame upande upi, mama?"

"Upande wangu," akasema. "Kule kwako huwa huangalii vizuri."